Kikombe, Dumu na Khanga Kuukuu: Kipindupindu Kilivyotembea Hadi Ujiji



Najua niliwaahidi posti ya mikono ya kipepeo na namna ya kukata kitenge kisipotee ua. Isubiri wiki ijayo inshaallah. Leo nataka kuwapa historia ya kwetu Ujiji, na kwa upande wangu historia hiyo inaanzia kwenye kikombe cha bati.

Ilikuwa Mei 2015. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ushonaji si muda mrefu, nina cherehani moja ya miguu kibarazani kwetu na wateja wa kuhesabu kwa vidole. Siku hizo mji ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka Burundi. Akapita mwanamke, mtoto mgongoni, kanga imelowa jasho mpaka rangi imegeuka. Akasimama mbele ya cherehani yangu akaomba maji. Kikombe kilikuwa pale pale juu ya meza. Sikumpa. Nilimwambia akinge mikono, nikammiminia kutoka kwenye jagi nikiwa nimelinyanyua juu, kama mtu anayemnawisha mgeni asiyetaka kumgusa. Akanywa, akampa mtoto, akasema "Murakoze," akaenda zake. Bibi yangu mzaa mama ni Muha, na Kiha na Kirundi ni kama vipande viwili vya doti moja, kwa hiyo nilimwelewa vizuri alivyonishukuru.

Jioni nikamsimulia mama, tena kwa kujisifu kwamba nimekuwa mwangalifu. Mama akaniuliza, "Hayo maji ya kwenye jagi uliyatoa wapi?" Nikamwambia kwenye dumu, lile la nyuma ya mlango. Akasema, "Nenda kaingize mkono ndani, upapase ukutani mwake." Nikaenda. Dumu lilikuwa na utelezi ndani, ule utelezi mnaoujua wote, kama ute wa bamia. Nikatoa mkono nikaunusa. Mama hakuongeza neno, aliendelea kuchambua mchele.

Ule utelezi ndio mada yangu.

Kwanza niwakumbushe mambo ya mwaka ule, maana visiwani habari za Kigoma hufika zimechoka. Mwishoni mwa Aprili 2015 fujo za uchaguzi zilianza Burundi, watu wakakimbia kuvuka mpaka. Wengi waliangukia Kagunga, kijiji chetu cha wavuvi kaskazini mwa Gombe, karibu kabisa na mpaka. Kagunga ni kipande chembamba cha mchanga: mlima mgongoni, ziwa usoni. Wakati ule hakukuwa na barabara ya gari ya kufika huko, ilikuwa ama kwa boti ama kwa miguu kupanda mlima. Makumi ya maelfu ya watu walijibana pale ufukweni, vyoo hakuna, na maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa wanayooga na kufulia. Meli yetu ya MV Liemba, hiyo ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikawa inakwenda kuwabeba, kama watu 600 kwa safari moja, inawashusha Kigoma, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawapeleka kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kiliwawahi. Kufikia tarehe 22 Mei, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa linataja wagonjwa wapatao 3,000 na waliofariki 31. Kati ya hao, 29 walikuwa wakimbizi na wawili Watanzania.

Mitaani neno lilikuwa moja: Warundi wametuletea. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Sasa dada zangu, nimekuwa nikisoma soma mambo haya tangu hapo, kwa simu, usiku baada ya kufunga duka. Nimeona kwamba hilo neno "wametuletea" lina umri mkubwa kuliko Liemba. Na nimeona pia kwamba historia ya huu ugonjwa, kila unapoifuata, inakurudisha kwenye nguo. Mimi ni fundi cherehani, mnisamehe kama naona nguo kila mahali, lakini nisikilizeni.

Ujiji ya zamani ilikuwa inaishi kwa nguo. Misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na kwenginepo, ikapitia Tabora, ikaishia kwetu ziwani. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, baada ya zaidi ya miezi saba njiani. Livingstone na Stanley walikutana hapo hapo mwaka 1871, pana mnara na makumbusho mpaka leo, chini ya miembe. Wapagazi walibeba nini? Nguo, shanga na waya. Nguo kubwa ya biashara ilikuwa merikani, pamba nyeupe nzito iliyofumwa Massachusetts, Marekani, ikaletwa Unguja kwa meli, ikahesabiwa kwa shuka na doti kama sisi tunavyohesabu leo, ila doti ya wakati ule ilikuwa yadi nne. Kaniki nyeusi nayo ilipita humo humo. Nguo ilinunua chakula, ililipa hongo kwa watemi, ilioa, ilizika. Pale sokoni Ujiji shanga ndizo zilikuwa chenji ndogo, nguo ndiyo noti.

Njia iliyoleta merikani ndiyo iliyoleta kipindupindu.

Hapa ninyi wa Unguja mna mtu wenu wa kumkumbuka: Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa anatibu watu Zanzibar wakati wa mlipuko mkubwa wa 1869 na 1870. Kitabu chake juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kilitoka London mwaka 1876. Kinachonifurahisha kwake ni jinsi alivyofanya kazi. Alikaa na wafanyabiashara, wenye misafara na mabaharia, akawauliza ugonjwa waliuona wapi na lini, akaunga njia kituo kwa kituo kama mtu anayepima mteja kiuno kwa bega. Kila mtu Unguja angedhani ugonjwa umekuja kwa jahazi. Christie akaonesha kwamba safari ile ulitoka kaskazini kwa nchi kavu, ukapita nchi ya Wamasai, ukatokea Pangani, ndipo ukavuka maji kuingia Unguja mwishoni mwa 1869. Kutoka pwani ukaondoka tena na misafara kurudi bara. Baadhi ya wapagazi waliokuwa wanampelekea Livingstone mizigo Ujiji walikufa njiani kwa ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo mtu wa Unguja angeweza kusema umeletwa kutoka bara, na mtu wa bara angeweza kusema umeletwa kutoka Unguja, na wote wawili wasingekuwa waongo.

Kuna swali linanisumbua kila nikifikiria ile misafara. Kipindupindu ni ugonjwa wa haraka. Mgonjwa anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache. Asipopata maji ya chumvi na sukari anaweza kufa siku hiyo hiyo, na anayepona anapona ndani ya siku chache. Sasa kitu cha haraka namna hiyo kinatembeaje mwendo wa miezi mitatu, minne, kutoka baharini mpaka ziwani? Jibu la kwanza ni rahisi: kwa kupokezana. Huyu anaugua, anamwachia yule kwenye kisima cha kambi, yule anamwachia mwingine. Wapo pia wanaokibeba tumboni bila kuugua kabisa, na hao ndio wengi. Lakini jibu la pili linahusu mahali mdudu anapokaa wakati hayuko ndani ya mtu. Hapo ndipo utelezi unapoingia, na hapo sharti tutoke Ujiji kidogo twende Uholanzi, kwa muuza nguo.

Aliitwa Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft. Wauza nguo wa zamani walikuwa na kioo cha kukuzia, cha kuangalia nyuzi na kujua kitambaa kimesukwa vizuri au la. Yeye akawa anatengeneza vioo vyake mwenyewe, vikali kuliko vya mtu yeyote. Mwaka 1683 akachokonoa ule utando mweupe wa katikati ya meno yake, akauweka chini ya kioo, akaona viumbe vidogo vinacheza. Akaandika barua London kuwaeleza wanazuoni. Lakini ninalolipenda mimi ni jambo aliloliona baadaye kidogo. Alisukutua kwa siki, akaangalia tena. Siki ikiwafikia wale viumbe inawaua. Ila waliokuwa ndani ya utando walikuwa hai bin hai. Siki iliishia nje, haikupenya.

Basi hilo lilikaa karibu miaka mia tatu bila kupewa uzito wake. Wataalamu waliendelea kuwasoma vimelea kama vile kila mmoja anaogelea peke yake ndani ya chupa. Hata kipindupindu kilisomwa hivyo. Mtaliano Filippo Pacini alikiona kijidudu chake mwaka 1854, watu hawakumsikiliza. Mjerumani Robert Koch akakifuata Misri mwaka 1883 na Calcutta mwaka 1884, yeye wakamsikiliza. Kijidudu kimepinda kama koma ya maandishi, kina mkia wa kuogelea. Kila aliyekichora alikichora kinaogelea.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Kanada, Bill Costerton, na wenzake wakachapisha makala ya kueleza jinsi bakteria wanavyojishika. Walikuwa wamechunguza vijito vya milimani wakakuta kwamba wanaoelea majini ni wachache mno kulinganisha na waliojibandika kwenye mawe. Kuogelea, kumbe, ni safari tu. Kujibandika ndiyo nyumbani.

Niwaeleze kwa lugha ya cherehani. Mdudu anapofika kwenye ukuta wa dumu, jiwe au gamba la kiumbe cha majini, kwanza anapiga bandi. Anajishika kidogo kwa vinywele vyake, unaweza ukamfumua kwa kusuuza tu. Akiona panafaa anaacha kutumia mkia na anaanza kutoa gundi, ute wa sukari na protini. Hapo sasa ameshapiga mashine. Wanazaana hapo hapo, wanapandana, wanajenga kitu chenye vijia vya kupitisha maji na chakula, na kimefunikwa na ule ute kama nguo yenye bitana. Dawa ikija inakutana na bitana kwanza. Klorini inayoua kijidudu kinachoelea inachoka kabla ya kufika ndani. Na mara kwa mara vipande vinamomonyoka, vinaelea, vinaenda kujishonea mahali pengine. Ndivyo ulivyo utelezi wa dumu, wa bomba na wa karo la jikoni. Si kila utelezi una kipindupindu, wala msije mkaniambia nimewatisha. Mwingi ni wa vimelea wasio na habari na mtu. Lakini nyumba ikishajengwa, mgeni mbaya anapata pa kulala.

(Na si bakteria tu wenye tabia hii. Wale fangasi jamii ya hamira wanaoitwa kandida, wa utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga na wa yale mambo yetu mengine tunayoambizana kwa kunong'ona, nao wanajishika hivyo hivyo, kwenye meno ya bandia, kwenye mipira ya hospitali, na wakishatulia wanatoa nyuzi kabisa za kujifuma. Mmoja wao, Candida auris, aliyetambuliwa Japani mwaka 2009, ameshapatikana kwa wagonjwa Nairobi, na anasumbua hospitali nyingi duniani kwa sababu anang'ang'ania kitanda na vifaa. Siku moja nitamwandikia posti yake.)

Turudi kwenye kipindupindu. Mmarekani mmoja, mama wa watu, Rita Colwell, alianza kuuliza swali ambalo wenzake walilicheka: je, mlipuko ukiisha, huyu mdudu anakwenda wapi? Vitabu vilisema anaishi kwa binadamu tu. Yeye na wenzake wakamtafuta majini, katika ghuba ya Chesapeake kwao Marekani na baadaye Bangladesh, wakamkuta amejishika kwenye vijidudu vya majini, jamii ya mbali ya kamba na kaa, wadogo kama nukta ya kalamu, wale ambao ukiangalia glasi ya maji ya bwawa juani unawaona wanarukaruka. Kimoja tu kinaweza kubeba maelfu ya vijidudu vya kipindupindu juu ya gamba lake. Na si kuwabeba tu: wanalila lile gamba. Wameshajenga pale.

Akina dada wa Kigoma mnawajua hao vijidudu hata kama hamjawahi kuwaona. Dagaa wetu ndio chakula chao. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanapowasha taa usiku, vijidudu wanafuata mwanga, dagaa wanafuata vijidudu, na sisi tunafuata dagaa. (Dagaa aliyekaushwa vizuri na kupikwa hana neno. Endeleeni kununua, mjomba wangu anategemea.)

Halafu kuna jambo la tumboni. Asidi ya tumbo inaua vijidudu wengi vya kipindupindu, ndiyo maana kwa kawaida mtu anahitaji kumeza idadi kubwa sana ndipo augue. Lakini wakiingia wakiwa wamefungamana kwenye utando, asidi inahangaika nao kama ile siki ya Leeuwenhoek kwenye meno. Wanapita. Na kinyesi cha mgonjwa kimekutwa na mabonge ya aina hiyo hiyo, yaliyofungashwa tayari kwa safari ya kwenda kwa mwingine.

Sasa mwaka 1978 ninautaja tena, kwa sababu nyingine. Wimbi la kipindupindu linalotusumbua mpaka leo lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970. Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza wa wimbi hili mwaka 1974, na miaka ya 1977 na 1978 ukaja mlipuko mkubwa. Mwaka huo huo wa 1978, Costerton anachapisha makala yake, ugonjwa ukavuka Ziwa Tanganyika ukaingia Zaire, upande wa Kalemie. Haujatoka. Watafiti waliopanga takwimu za Kongo wilaya kwa wilaya walikuta miji ambako ugonjwa haukatiki ni ile ya kando ya maziwa: Kalemie, Uvira, Bukavu, Goma. Kwenginepo unakuja na kuondoka, ziwani unalala na kuamka. Goma, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walikufa kwa maelfu kando ya Ziwa Kivu, na maji ya Kivu yanashuka kwa mto Rusizi kuja Tanganyika.

Mtu akisoma hapo anaweza kukimbilia kusema: basi si Warundi, ni ziwa! Mimi mwenyewe nilikimbilia huko, nikafurahi kwamba nimepata wa kumbebesha mzigo asiyeweza kujibu. Lakini wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2017 ilitoka kazi kubwa ya waliosoma vinasaba vya vijidudu vya kipindupindu kutoka nchi nyingi za Afrika, wakaonesha kwamba wimbi hili limeingizwa barani kutoka Asia mara kadhaa, angalau mara 11, na kwamba linasafiri zaidi kwa watu. Kwa hiyo wapo wanaosema ziwa ni ghala, na wapo wanaosema ziwa ni njia tu, ghala ni watu wanaokunywa maji yasiyo salama mwaka mzima. Mimi si mtaalamu. Nikiangalia kwa macho ya mtu aliyekulia Ujiji naona haya mawili hayagombani sana. Boti zinatoka Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kagunga kila siku, zimejaa watu na madumu. Christie alishaiona picha hiyo, ila kwake ilikuwa vibuyu na mitungi kwenye mabega ya wapagazi, wakichota kwenye kila kisima kati ya Bagamoyo na Ujiji, bila hata mmoja kusuguliwa ndani. Kibuyu hakisuguliki, mdomo wake ni mdogo. Hilo Christie hakuliandika, ni wazo langu, lichukueni kama wazo la fundi.

Nimefika kwenye sehemu niliyokuwa naisubiri.

Kama kijidudu kimoja kinachoelea kina urefu wa kama sehemu mbili za elfu moja ya milimita, hakuna kitambaa cha kukizuia. Kitapita kama mchanga kwenye wavu wa dagaa. Lakini kama wengi wao hawaelei, wamejishika kwenye vijidudu wakubwa na kwenye mabonge ya utando, basi kinachotakiwa ni kuzuia kile walichojishika. Colwell na wenzake wa Bangladesh wakajiuliza: mwanamke maskini wa kijijini ana nini cha kuchujia? Ana sari. Wanawake wa huko walikuwa tayari na desturi ya kuchuja vinywaji kwa sari kutoa majani na wadudu. Wakapima maabara. Sari kuukuu ya pamba, ikikunjwa ipate tabaka nne au zaidi, inaacha matundu ya kama sehemu 20 za elfu moja ya milimita, na iliondoa zaidi ya asilimia 99 ya vijidudu vya kipindupindu vilivyojishika. Kisha wakaenda Matlab, vijiji 65, watu wapatao 133,000, miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliochuja kwa sari walipata kipindupindu pungufu kwa asilimia 48.

Na jambo hili mfundishe wanenu: sari kuukuu ilishinda sari mpya.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu dukani. Fundi yeyote angewaambia. Nguo mpya ina wanga, nyuzi zimebanwa na kusokotwa ngumu, kati ya uzi na uzi kuna dirisha safi kabisa. Ichukue khanga mpya uiinue juani utaona. Ifue mara hamsini. Nyuzi zinalainika, zinavimba, zinatoa manyoya, na yale manyoya yanaziba madirisha. Ndiyo maana khanga ya zamani inanyonya jasho na kufaa kumbebea mtoto, na mpya inateleza. Sisi tunaita imechakaa. Kwa kuchujia, ndiyo kwanza imeiva.

Miaka mitano baadaye walirudi vijijini kuangalia kama wanawake wameendelea. Kama asilimia 31 walikuwa bado wanachuja, bila ya mtu kuwakumbusha. Wengine waliacha. Najua wengine watasema ni wachache, lakini mimi najua kazi ya maji ilivyo. Saa kumi na moja alfajiri foleni ya bomba, dumu la lita 20 kichwani, watoto wa kwenda shule, na bado mtu anakwambia ukunje nguo mara nne uchuje.

Nisieleweke vibaya, maana kuna mtu atasoma hapa akatupa sufuria. Kuchuja kwa nguo hakuchukui nafasi ya kuchemsha wala ya dawa ya maji. Wale wanaoelea wanapita. Hiyo asilimia 48 ni karibu nusu, na nusu nyingine wanaugua. Ni kitu cha pale usipokuwa na kuni wala dawa, kama Kagunga ile. Ukiwa na dawa, chuja kwanza ndipo utie dawa, kwa sababu uchafu na utando vinaila dawa kabla haijafika kazini. Nguo yenyewe isuuzwe kwa maji yaliyochujwa na ianikwe juani ikauke kabisa, la sivyo umetengeneza nyumba nyingine. Na mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, usikae unachuja: mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo na mpeleke kituoni hapo hapo.

Wakimbizi wa Nyarugusu walipewa chanjo ya kumeza Juni 2015, na mlipuko ule ukatulia. Agosti ukaanza mwingine Dar es Salaam, ukaenea mikoa mingi na kufika kwenu visiwani, na huo hakuna aliyesema umeletwa na Warundi.

Dumu letu la nyuma ya mlango mama alilisafisha kesho yake. Alitia mchanga wa ziwani, kokoto, sabuni ya unga na maji kidogo, akafunga kifuniko, akaniambia nitikise mpaka mikono ife ganzi. Kila nikimwaga, maji yanatoka na vipande vyembamba vya rangi ya chai, kama maganda ya kitunguu. Nilitikisa mara tano ndipo yakatoka meupe. Halafu tukalianika limefunguliwa mdomo juani kutwa nzima. Mpaka leo nafanya hivyo kila Ijumaa asubuhi, na madumu ya dukani nimebadilisha, natumia ndoo yenye mfuniko na bomba, ambayo mkono unaingia ukasugua.

Yule mwanamke sikumwona tena. Kikombe cha bati bado ninacho dukani, mteja akiomba maji namtilia humo, yeyote awaye. Juu ya ndoo nimefunga kipande cha khanga ya bibi, ile ya Kisutu iliyokwisha rangi, kimekunjwa mara nne na kupindwa pembeni kwa mashine. Wateja huniuliza kwa nini ndoo mpya nimeivalisha kitambaa kuukuu namna ile wakati nimezungukwa na majora.